Kihispania cha Kuuzia Ufukweni Bwejuu

Mchuuzi wa Bwejuu anayetaka kujifunza Kihispania hukimbilia maneno ya kusema. Mimi namshauri aanze na maneno ya kusikia. Bei unaweza kuiandika hata mchangani, lakini jibu la mteja usipolielewa, biashara imekupita. Wengi kati ya Paje na Michamvi wanazungumza Kiitaliano kidogo, na lugha hizi mbili ni ndugu, kwa hiyo safari si ndefu.

1. Zoeza ulimi

Irabu za Kihispania ni tano na husomwa kama zetu. Zinazosumbua ni konsonanti chache. H haitamkwi: *hola* ni "ola". J ni kh ya "kheri". LL ni y, Ñ ni ny, V husikika kama b, QU ni k. Z, na C iliyo mbele ya e au i, Wahispania wengi huitamka th ya "thelathini". Mgeni wa Meksiko au Ajentina huitamka s. Hivyo *cinco*, yaani tano, utaisikia "thinko" na "sinko".

2. Yajue maneno ya mteja

- *¿Cuánto cuesta?* au *¿Cuánto vale?* – Bei gani?
- *Es muy caro* – Ghali sana.
- *¿Me hace un descuento?* – Utanipunguzia?
- *¿Tiene otro color?* – Una rangi nyingine?
- *¿Está hecho a mano?* – Kimetengenezwa kwa mkono?
- *Solo estoy mirando* – Naangalia tu.
- *Me lo llevo* – Nakichukua.

Ukisikia *me lo llevo*, acha kunadi, funga mzigo. Ukisikia *no, gracias*, jibu *gracias, buenas tardes* na uendelee na safari yako. Huenda kesho mkakutana tena ufukweni, naye atamkumbuka aliyemwacha apumzike.

3. Geuza maelfu

Hapa ndipo hasara ilipo. Sisi tunatanguliza elfu: elfu tano. Mhispania hutanguliza tano: *cinco mil*. Ukisema *mil cinco*, umetaja 1,005. Kariri *mil* (1,000), *dos mil*, *cinco mil*, *diez mil*, *quince mil* (15,000), *veinte mil* na *cincuenta mil*. Mia tano ni *quinientos*. Tenganisha vizuri *sesenta* (60) na *setenta* (70).

Kwenye maandishi pia pana mtego. Hispania mkato hutenga desimali, na maelfu hutengwa kwa nukta au nafasi. Kwa hiyo 10,000 yako mgeni anaweza kuisoma kumi. Mwandikie 10 000, kisha utaje fedha yenyewe: *chelines*.

4. Usichanganye na Kiitaliano

*Guarda* kwa Mwitaliano ni "tazama". Kwa Mhispania ni "weka, hifadhi". Anayeambiwa *guarda* huku ameshika pochi anaweza kuirudisha mfukoni. Sema *mire*, au *mira* kwa kijana. *Sconto* nayo iache. Punguzo ni *descuento*.

5. Taja bidhaa yako

Kanga au kikoi cha kujifunga ufukweni kiite *pareo*. Kikapu ni *cesta*, mkoba *bolso*, bangili *pulsera*, picha ya kuchora *cuadro*. Sabuni ya mwani ni *jabón de algas*. Karafuu ni *clavo*, mdalasini *canela*, iliki *cardamomo*, pilipili manga *pimienta negra*. Mama aliyeshona ukili kwa mkono wake aseme *lo hago yo*, "natengeneza mwenyewe". Asiyetengeneza asiseme.

6. Fanyeni mazoezi wawili wawili

Tandikeni mkeka, pangeni bidhaa zenyewe. Mmoja awe mteja, mwingine muuzaji, kisha mbadilishane. Anzeni na *buenos días*, mpatane bei, mmalize kwa *gracias*. Mteja aseme haraka kama wageni wanavyosema, kwani masikio hayazoei kasi hiyo kwa maneno yanayotamkwa pole pole.

Mkishapatana, rudia bei mpya kwa sauti na umwonyeshe imeandikwa kabla pesa haijatoka. Mgeni aliyeelewa anacholipa haondoki akihisi amedanganywa, na mwenzako atakayemsimamisha kesho atamkuta hana hofu.