Majani Yangoje Kwanza

Mdomo ukienda upande ghafla, mkono mmoja ukakataa kunyanyuka, maneno yakatoka yamevurugika, hesabu kuwa ni kiharusi mpaka daktari aseme vingine. Hapa Kavumu kinachofika haraka kitandani mara nyingi ni kikombe: majani ya mubirizi yaliyopondwa, au kitunguu saumu na tangawizi vilivyochemshwa pamoja. Anayekileta anampenda mgonjwa wake. Lakini kikombe hicho, saa hiyo, kinaweza kumuua.

Tatizo la kwanza ni koo. Kiharusi hulegeza misuli ya kumezea, mgonjwa akapaliwa, dawa ikashukia mapafuni, na baada ya siku chache nimonia ikamwondoa mtu ambaye kiharusi kilikuwa kimemwacha. Kwa hiyo usimpe kitu kinywani: majani, maji, uji, wala kidonge cha tansio cha jirani. Mlaze ubavu, mfungulie nguo shingoni, kisha muulize aliyekuwa naye: mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima saa ngapi? Daktari atakuuliza hilo mapema, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu hivi.

Tatizo la pili ni damu yenyewe. Viharusi vingi hutokana na mshipa ulioziba, vingine na mshipa uliopasuka, na hakuna jicho linaloweza kuvitofautisha. Skana ya kichwa ndiyo hutofautisha. Kitunguu saumu kingi huweza kuzuia damu isigande, na aspirini ndiyo zaidi. Ukimpa aliyepasuka mshipa, unaongeza uvujaji. Na wanaomchanja chale, chale hizo hazifiki ubongoni. Zinakula muda tu, na ubongo unakufa kila dakika inayopita.

Mkimbizeni kituo cha afya wampime tansio na sukari. Sukari iliyoshuka sana huiga kiharusi, na hiyo hutibika papo hapo. Kutoka hapa mpaka Bukavu ni kilomita kama 30, na tangu vita vilipofika uwanja wa ndege wa hapa Februari 2025, safari ya usiku si jambo la kuanza kupangwa mgonjwa akiwa amekwisha kuanguka. Mwenye mzee wa tansio nyumbani ajue leo gari ni la nani na namba ya dereva ni ipi. Pikipiki ni hatari kwa mtu asiyeweza kujishika; ikiwa hakuna njia nyingine, awekwe katikati ya watu wawili.

Je, hakuna mmea unaoulinda ubongo? Wachina wamelijaribu hilo kwa makini. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lao la mchanganyiko wa mitishamba kwa wagonjwa 1,648 waliovuja damu ubongoni, katika hospitali 26. Haukuwapa nafuu zaidi kuliko dawa bandia.

Sisemi urithi wetu utupwe. Mwaka 1995 Georges Defour alichapisha kitabu cha kutambua mimea 400 ya kutibu watu na mifugo ya Bushi, eneo letu hili, na watafiti wa Lwiro, jirani zetu, wanaendelea kuichunguza mimea ya huku. Zamu ya majani huja mgonjwa akisharudi nyumbani, baada ya muuguzi kumjaribu kwa kijiko cha maji na kuona anameza bila kukohoa. Hata hapo, vidonge vya tansio havikatwi. Tansio haiumi, wengi hujiona wamepona, wakaacha kidonge kwa sababu ya chupa ya majani, kiharusi cha pili kikawapiga. Anayemeza dawa ya sukari awe mwangalifu na mubirizi, kwani kwa wanyama wa maabara umeonekana kushusha sukari.

Kukandwa kwa mafuta ni kuzuri, ila polepole, na bega la upande uliopooza lisivutwe. Maji ya moto yasiwekwe kwenye mkono uliokufa ganzi; utaungua bila mwenyewe kusikia. Punguzeni chumvi, samaki wakavu waliotiwa chumvi, na pombe ya kasiksi.

Mganga wa kienyeji muulizeni mmea ni upi, kipimo ni kiasi gani, unywewe kwa siku ngapi. Kisha chukueni tawi la mmea huo, lenye majani, mkamwonyeshe muuguzi siku ya kupima tansio.