Kuchagua Taa ya Kukuzia Mimea Kwenye Tangi la Samaki wa Mapambo

Vijana kadhaa mmeanza kutengeneza na kuuza matangi ya kioo yenye samaki wa mapambo na mimea hai, ya kuweka sebuleni na maofisini. Kazi nzuri, inalipa. Lakini malalamiko ya wateja yanafanana: wiki tatu tu tangi limekuwa kijani, mimea inaoza, mteja anataka hela yake irudi. Mara nyingi shida ni taa, na siyo kwamba ni ndogo. Ni kali mno.

Mmea wa majini unahitaji mwanga, hewa ya ukaa na virutubisho, sawa na mahindi yako. Tofauti ni kwamba ndani ya maji hewa ya ukaa inasafiri polepole sana. Ukiwasha taa kali, mmea unataka kwenda mbio lakini hewa hiyo haitoshi, basi unadumaa. Mwanga unaobaki unachukuliwa na mwani, ule utelezi wa kijani kwenye kioo, ambao wenyewe unaridhika na kidogo. Ni kama kuweka urea kwenye mahindi wakati mvua haipo.

Kwa hiyo anza na mmea, taa ifuate. Anubiasi, ambayo kwao ni vijito vya misituni Afrika Magharibi na Kati, imezoea kivuli. Jani lake hukaa muda mrefu, ndiyo maana likipigwa na taa kali mwani hulivamia. Java feni nayo ni ya kivuli. Hizi mbili ndizo ningempa mteja mgeni (ila usifukie lile shina nene linalotambaa, lifunge kwenye jiwe, ukilifukia linaoza). Valisneria, yenye majani marefu kama nyasi, inataka mwanga kiasi zaidi. Mimea mingi ile myekundu tuiache mpaka uwe na mtungi wa hewa ya ukaa.

Sasa dukani. Muuzaji atakutajia wati, lakini wati ni umeme ambao taa inakula, siyo mwanga inaotoa. Hesabu za zamani za wati kwa lita zilikuwa za taa za floresenti, kwa LED zinakudanganya. Soma lumeni kwenye boksi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 lina lita 54. Mimea ya kivuli inatosheka na lumeni 10 hadi 20 kwa kila lita, yaani 540 hadi 1,080. Mimea ya wastani, 20 hadi 40 kwa lita. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa karibu lumeni 800, lakini inamwaga mwanga ovyo, lazima uiwekee kofia. Taa ndefu inayolingana na urefu wa tangi inasambaza vizuri zaidi. Tangi likiwa na kina cha sentimita 50, hesabu hii haishiki, maana mwanga unaofika chini ni mdogo.

Rangi: tafuta iliyoandikwa 6500K, nyeupe ya mchana. Zile za zambarau za vitalu zinakuza mimea, sikatai, ila tangi linatisha, na mteja amenunua urembo.

Washa saa 6 kwa siku wiki za mwanzo, kisha panda hadi 8, na uweke taima, kwa sababu mwenye nyumba atasahau. Usiliweke tangi dirishani panapopiga jua. Taa ya wati 18 kwa saa 8 inakula kama uniti 4.3 kwa mwezi, mwambie mteja mapema.

Baada ya hapo soma mimea. Ikirefuka na majani kuachana mbalimbali, kama miche ya nyanya iliyokaa kivulini, ongeza mwanga. Kioo kikianza kijani, punguza saa kwanza kabla hujafikiria taa nyingine. Matundu kwenye majani ya zamani mara nyingi ni upungufu wa potashi, taa haitakusaidia.

Na waya: uache uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda kuingia, ili matone yaangukie sakafuni. Taa isiyozuia maji isikae juu ya tangi bila kifuniko cha kioo katikati.