Uteuzi wa Lenzi ya Jicho katika Utazamaji wa Sayari: Mfano wa Makwasinyi, Taita Taveta

Utangulizi

Waswahili wana majina ya sayari tangu kale: Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Mabaharia wa pwani waliongozwa na nyota, na wakulima wakakitazama Kilimia ili kujua majira. Hata hivyo, mjadala kuhusu chombo cha kuzitazamia sayari hizo huendeshwa zaidi kwa Kiingereza. Tokeo lake ni kwamba mzazi au mwalimu anayenunua darubini huitegemea nambari iliyoandikwa kwenye sanduku, asijue maana yake. Makala haya yananuia kueleza kwa Kiswahili kanuni za kuteua lenzi ya jicho, yakikichukua kijiji cha Makwasinyi kuwa mfano.

Makwasinyi ipo chini ya Mlima Kasigau, takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mahali hapo pana neema isiyotambuliwa na wengi. Jijini London, sayari inaweza kupita nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho hata inapofika kileleni mwa safari yake. Makwasinyi, Mshtarii na Zohali hupanda hadi nyuzi 60 au zaidi. Kadiri sayari inavyopanda ndivyo nuru yake inavyopita katika hewa chache, na ndivyo taswira inavyotulia. Kwa hiyo, mtazamaji wa huko akiona ukungu mtupu, kosa haliko katika anga yake wala macho yake. Aghalabu liko katika lenzi aliyouziwa.

Kanuni ya ukuzaji

Darubini ina sehemu mbili za msingi. Lenzi kuu, au kioo kikuu, hukusanya nuru na kuunda taswira. Lenzi ya jicho huikuza taswira hiyo. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa lenzi kuu kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Tuchukue darubini ya mwanagenzi yenye kipenyo cha milimita 70 na urefu wa fokasi wa milimita 700. Lenzi ya jicho ya milimita 25 itakuza mara 28. Ya milimita 10 itakuza mara 70. Ya milimita 4 itakuza mara 175. Hivyo, nambari ndogo kwenye lenzi ya jicho huleta ukuzaji mkubwa.

Hapa ndipo mnunuzi hutegwa. Ukuzaji ukiongezwa maradufu, nuru ile ile husambazwa katika eneo mara nne, na taswira hufifia. Kwa kawaida, kikomo cha ukuzaji wenye manufaa ni mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Darubini ya mfano wetu basi haipaswi kuvuka mara 140. Sanduku linalotangaza mara 500 kwa darubini kama hiyo linatangaza ukungu. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Mahitaji ya kila sayari

Miezi minne ya Mshtarii, ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, huonekana hata kwa mara 28. Mikanda yake huanza kudhihirika panapo mara 60 au 70. Pete za Zohali hutambulika kwa mara 30 hivi, na hupendeza zaidi kwa mara 100. Mwaka 2025 pete hizo zilielekeza ukingo wake Duniani zikawa kama uzi. Katika miaka inayofuata zinazidi kufunguka. Mirihi ni ndogo, nayo huhitaji ukuzaji wa juu kabisa na subira, kwani huikaribia Dunia kila baada ya miezi 26 hivi.

Lenzi za kununua

Lenzi za bei ya chini mno hufuata muundo wa Huygens, ambao asili yake ni karne ya 17, na uwanja wake wa kuonea ni finyu. Muundo wa Plössl, uliobuniwa Vienna mwaka 1860, una lenzi nne katika jozi mbili, nao hutoa taswira safi kwa bei ya wastani. Udhaifu wake ni kwamba lenzi yenye fokasi fupi humlazimu mtazamaji kulisogeza jicho hadi karibu kuligusa, jambo linalomtatiza avaaye miwani.

Kwa sababu hiyo, mwenye fedha haba anashauriwa kuwa na Plössl ya milimita 25 na ya milimita 10, pamoja na lenzi ya Barlow inayozidisha mara mbili. Vitu vitatu hivyo humpa ukuzaji wa aina nne: mara 28, 56, 70 na 140. Kabla ya kulipa, apime mdomo wa darubini yake: lenzi nyingi zina kipenyo cha milimita 31.7, ilhali darubini nyingine za zamani hupokea milimita 24.5.

Utunzaji

Ardhi ya Kasigau hupata joto mchana na kulitoa usiku. Hewa hutetemeka, na taswira nayo hutetemeka. Yafaa darubini iachwe nje kwa nusu saa, utazamaji uanze kwa ukuzaji mdogo, na ule mkubwa ungoje usiku utulie. Vumbi jekundu lipulizwe kwanza, lisisuguliwe kwa kitambaa, maana chembe zake hukwaruza kioo. Kamwe darubini isielekezwe kwenye jua bila kichujio maalumu mbele ya lenzi kuu. Upofu hutokea papo hapo.

Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba lenzi bora ni ile inayolingana na kipenyo cha darubini, hali ya hewa na jicho la mtazamaji. Aidha, yamedhihirisha kuwa Kiswahili kinaimudu taaluma hii. Mtoto wa Makwasinyi aonapo pete za Zohali kwa mara ya kwanza, anastahili kuelezwa kwa lugha anayoielewa namna zilivyomfikia.