Kuhama bila Kuvuka Mpaka: Kizanaki kati ya Butiama, Bunda na Musoma

Mjadala wa kupotea kwa lugha ya asili katika familia za wahamiaji huelekezwa zaidi kwa walioko Ulaya na Marekani. Mkoani Mara mzungumzaji hahitaji kuvuka bahari. Familia ya Kizanaki inayotoka Butiama na kufanya makazi Musoma hujikuta miongoni mwa Wakwaya, Wajita, Wakurya na Wajaluo. Kinachowaunganisha ni Kiswahili. Bunda, penye Waikizu na Wajita, hali haitofautiani sana. Wanaisimu waliozoea kukitetea Kiswahili dhidi ya Kiingereza hawajazoea kukiona katika nafasi hii.

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kiswahili chake kilijengwa juu ya Kizanaki kilichokwisha kukomaa. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia elimu yote ya msingi mwaka 1967, na kwa mtoto wa mjini mpangilio huo hupinduka: Kizanaki husikika kwa bibi, kama kinasikika.

Upotevu wenyewe hauanzi na msamiati. Kizanaki kina irabu saba na toni. Kiswahili kina irabu tano, hakina toni. Mtoto aweza kulihifadhi neno la Kizanaki huku akilitamka kwa irabu za Kiswahili, na tofauti za maana zikafutika pasipo mzazi kutambua. Kijita, chenye irabu tano, kimesalimika hapo. Toni yake haikusalimika. Ndiyo maana idadi za wasemaji, kama zile za Atlasi ya Lugha za Tanzania (2009), hazitoshi: hazielezi ni Kizanaki kipi kinachosemwa.