Mdogo Wangu, Usinunue Kama Abiria

Barua ya leo ni ya mwalimu mpya, msichana aliyekulia Dar es Salaam, kapangiwa Nyakahura, wilayani Biharamulo. Chumba kapata, godoro analo, mtungi wa gesi anao. Kinachomshangaza ni kwamba mshahara unaishia tumboni, wakati kila aliyemuaga alimwambia Kagera chakula ni cha kumwaga. "Dada, supamaketi hapa hakuna," anaandika. "Wenyeji wananunua wapi?"

Swali zuri hilo, mwalimu. Lakini kabla ya kulijibu nikuulize mimi: wewe sasa unanunua wapi? Naona kama nakuona. Unashuka kwenye bodaboda pale lami, unachukua chana ya ndizi, nyanya nne na karanga, unalipa, unaondoka. Hayo ni manunuzi ya abiria, na ndiyo yanayokumaliza.

Barabara hiyo ya kutoka Lusahunga kwenda Rusumo ina kilometa 92, na Nyakahura imekaa juu yake. Malori ya Rwanda yanapita hapo, ya Burundi nayo, na mengine yanaunganisha mpaka Kongo. Mtu anayekimbilia dirisha la basi na sinia la ndizi anajua dereva hasubiri. Bei anayotaja ni ya mteja ambaye hatamwona tena, na mimi simlaumu, maana anakimbia juani siku nzima. Ila wewe utaonana naye kesho, keshokutwa na mwakani, kwa hiyo bei hiyo haikuhusu.

Na wala si jambo la jana. Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu, wakaweka kambi Benaco, upande wa Ngara. Waliokuja kuchunguza masoko ya huko baadaye waliona kwamba vyakula ambavyo havikuwamo kwenye mgao wa misaada ndivyo vilivyopanda bei zaidi. Mkulima mwenye migomba aliuza vizuri. Mtumishi wa mshahara kama wewe, asiye na shamba, aliumia. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa mwishoni mwa 1996, lakini bei za njia hiyo bado zinamsikiliza anayepita kuliko anayekaa. Ndiyo maana anayekaa lazima awe na mlango wake wa nyuma.

Mlango wenyewe ni gulio. Usianze kwa kuuliza bei, anza kwa kuuliza siku. Muulize mwalimu mwenzako wa kike, mwenye watoto, huyo ndiye mwenye kalenda kamili kichwani: gulio la hapa ni lini, la kijiji cha jirani ni lini, na wauzaji wanaanza kufungasha saa ngapi. Siku hiyo mkulima anakuja mwenyewe na maharage yake, viazi vyake vitamu, mihogo yake. Asubuhi unapata cha kuchagua. Jioni unapata cha bei nafuu, kwa sababu hakuna anayetaka kurudisha mzigo kichwani kilometa zote zile. Maharage na mchele nunua asubuhi, ukague. Mboga za majani na nyanya unaweza kusubiri saa kumi.

Sasa tuje kwenye kipimo, maana hapa wageni wengi wanapigwa. Gulioni mizani ni chache, watu wanapima kwa sado na kwa ndoo. Sado tano zinajaza ndoo ya lita 20, na ukitaka kujua kama sado ya muuzaji ni nzima, usiangalie juu inakojazwa, angalia kitako. Kuna kopo lililobonyezwa chini likaingia ndani kama sahani iliyofunikwa, na hapo konzi nzima ya maharage yako imebaki kwake. Lingine limekatwa mdomo. Lingine ni zima kabisa lakini mkono wa muuzaji umezama ndani kwa vidole vinne wakati anajaza. Wewe sema kwa upole, "Shikamoo mama, naomba uimwage upime tena, na nyongeza usinisahau." Hakuna ugomvi hapo, watu wazima wote wanasema hivyo. Ukiona umeshindwa, hama meza. Na mkichanga walimu watatu mkanunua gunia, likataeni lile lililoshonewa kilemba juu. Lumbesa imekatazwa kisheria, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na sheria hiyo iliwekwa kumlinda mkulima. Msijifanye wajanja kwa jasho lake.

Mkungu wa ndizi usiununue gulioni wala barabarani kama una jirani mwenye migomba. Nenda kwake. Ukague ukiwa bado kwenye mgomba, mpatane, akukatie siku unayotaka kupika. Chunga kitu kimoja: tangu 2006 mkoa wa Kagera umeandamwa na ugonjwa wa mnyauko wa migomba. Mkungu ulioguswa unaiva kabla ya wakati na hauivi sawasawa, ndizi moja njano, ya pembeni yake mbichi. Ukiona hivyo, omba ikatwe ndizi moja katikati. Ndani ikiwa na madoa ya kahawia, huo si wako, na jirani mwambie kwa adabu amwite afisa ugani, asije akapoteza kibanja kizima.

Samaki je? Zamani Biharamulo ilifika mpaka Ziwa Victoria, kabla Chato haijagawanywa na kuwa wilaya, na mwaka 2012 Chato hiyo ikahamia mkoa mpya wa Geita. Mpaka wa kiutawala umehama, samaki hawana habari. Sato na sangara mbichi wanunue tu kama unajua wamefika leo: shavu liwe jekundu, jicho liwe limetuna, na ukibonyeza mnofu urudi. Vinginevyo chukua wakavu, au dagaa. Dagaa watie kiganjani, uwasugue kidogo, upulize. Kinachobaki mkononi kikiwa mchanga, basi walianikwa chini na utalipia mchanga kwa bei ya dagaa. Waliokaushwa juu ya kichanja au wavu wanang'aa, na hawakwaruzi meno. Hao hata wakizidi bei kidogo, lipa.

Nyama nunua buchani, uone mhuri wa mkaguzi. Atakuja mtu usiku na mfuko, akuambie ana nyama laini ya porini, bei ya kirafiki. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa 2019, iko jirani, na nyama isiyo na kibali inaweza kukutoa darasani ikakupeleka mahakamani. Mwambie umefunga. Maziwa ya jirani ni mazuri, yachemshe yatokote, basi.

Genge la jioni karibu na nyumbani ni la nyanya, vitunguu, limau na mafungu ya mchicha. Hapo chagua mmoja uwe mteja wake. Akikuita, "Mwalimu, leo hujaniungisha," muungishe hata kwa fungu moja, kwa sababu siku mvua imekata njia na nyanya zimeadimika, yeye ndiye atakayekuwekea mbili chini ya meza. Lakini uaminifu usiwe upofu. Mara mojamoja pita kwa jirani yake usikilize bei.

Duka la Mangi nimelichelewesha makusudi. Kila mji wa Tanzania unalo, hata kama mwenyewe hajawahi kuuona Kilimanjaro. Sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kupimiwa, unga wa pakiti, vyote viko pale, na bei haikwepeki sana. Hatari yake si bei, mwalimu. Hatari ni daftari. Mtumishi wa serikali anakopeshwa haraka kuliko mtu yeyote kijijini, kwa sababu mshahara wake unajulikana tarehe. Leo mkate, kesho soda, keshokutwa vocha, na kwa kuwa hutoi hela mkononi, huoni. Mwisho wa mwezi unasomewa orodha ambayo nusu yake huikumbuki. Kama lazima ukope, kopa vitu vya chakula tu, na uwe na daftari lako mwenyewe nyumbani, mwandike wote wawili kila mara. Mwenye duka mwaminifu hakasiriki.

Halafu kuna mavuno. Huko mvua ni mbili, vuli na masika, kwa hiyo maharage yanavunwa mara mbili kwa mwaka, na wiki za kwanza baada ya mavuno ndizo za kujaza ndani. Ukipata ya kutosha miezi mitatu, yaanike tena juani, yapepete, uyatie kwenye ile mifuko ya kinga njaa yenye tabaka tatu, ufunge kila tabaka peke yake hewa isiingie. Wadudu wanakufa humo humo bila dawa. Ukifunguafungua kila siku umeharibu kazi, kwa hiyo ya kula wiki hii weka kando kwenye ndoo.

Beba kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kununua mbadala kila safari ni hela inayotoka taratibu. Chenji ndogo nazo utembee nazo, maana noti ya elfu kumi kwenye meza ya mafungu inakutangaza kuwa mgeni hata kabla hujafungua mdomo.

Mshahara wa mwezi huu ukiingia, lipa kwanza deni la dukani lote, kisha usinunue chochote pale lami kwa mwezi mmoja, hata karanga. Weka hesabu. Ikifika mwisho wa mwezi niandikie kilichobaki ni kiasi gani, na wengine mliopangiwa vijijini nanyi niandikieni: gulio la kwenu ni siku gani, na sado inauzwaje?