Mada ya 9: Kutoa Fedha kwa Kadi ya Benki ya Nchi Nyingine

Malengo ya somo

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza wahusika wanne wanaoshiriki mtu anapotoa fedha kwenye ATM akiwa nje ya nchi yake;
(b) kutaja makato matatu yanayomwangukia mwenye kadi;
(c) kukokotoa gharama halisi ya kutoa fedha;
(d) kueleza tahadhari za usalama na hatua za kuchukua mashine inapokosea.

1. Utangulizi

Hadi mwaka 1966, Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mfanyabiashara wa Ngamiani, Tanga, aliyekwenda Mombasa alinunua bidhaa kwa noti zilezile alizotoka nazo nyumbani. Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, na kila nchi ikaanza kutoa fedha yake. Tangu hapo, anayevuka mpaka wa Horohoro kwenda Lungalunga hana budi kubadilisha fedha. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini mwaka 2013, lakini sarafu ya pamoja bado haijaanza kutumika.

Zamani njia ilikuwa kubeba noti na kuzibadilisha dukani. Mashine ya kwanza ya kutolea fedha ilianza kazi London mwaka 1967, katika benki ya Barclays. Leo kadi moja inaweza kutoa fedha Tanga, Mombasa au Maskati. Kwa familia za pwani zenye ndugu Kenya na Oman, jambo hili linagusa ada za shule, matibabu, harusi na misiba. Asiyejua makato hupoteza fedha bila kuona zilikopotelea.

2. Wahusika wanne

(i) Mwenye kadi. Ndiye mwenye akaunti na namba ya siri.
(ii) Benki iliyotoa kadi. Ndiyo inayotunza akaunti na kukubali au kukataa ombi.
(iii) Benki yenye mashine. Ndiyo inayotoa noti.
(iv) Mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard. Unaunganisha benki hizo mbili na kuhesabu madai kati yao.

Mtiririko wake ni huu: kadi inaingizwa, namba ya siri inaandikwa na kiasi kinachaguliwa. Mashine hutuma ombi kupitia mtandao hadi benki iliyotoa kadi. Benki hiyo hukagua salio, namba ya siri na kikomo cha siku, kisha hujibu. Jibu likiwa ndiyo, noti hutoka. Yote hayo huchukua sekunde chache. Baadaye benki iliyotoa kadi huilipa benki yenye mashine kupitia mtandao. Ndiyo maana mgeni anapotoa shilingi Tanga, nchi hupata fedha za kigeni ingawa yeye mwenyewe hakubeba hata dola moja.

Angalizo: Kadi yenye nembo ya mtandao wa ndani pekee, kama Umoja Switch, haitegemewi nje ya nchi. Kabla ya safari, angalia nembo iliyo kwenye kadi na ile iliyo kwenye mashine. Zisipolingana, usiingize kadi.

3. Makato matatu

Kwanza, ada ya mwenye mashine. Hutozwa na benki ya mahali ulipo. Mara nyingi huonyeshwa kwenye kioo kabla hujathibitisha, nawe una haki ya kughairi.

Pili, ada ya benki iliyotoa kadi. Huwa kiasi maalumu kwa kila mara, asilimia ya fedha zilizotolewa, au vyote viwili. Haionekani kwenye kioo. Uliza kabla ya kusafiri.

Tatu, tofauti ya kiwango cha kubadilisha fedha. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mashine nyingine humuuliza mgeni: utozwe kwa fedha ya nchi hii, au kwa fedha ya nchi yako? Chaguo la pili huvutia kwa sababu mtu huona hesabu kwa fedha anayoizoea. Lakini akilichagua, kiwango hupangwa upande wa mashine, na kwa kawaida huwa kibaya kuliko cha mtandao wa kadi. Kanuni ya kukumbuka: chagua fedha ya nchi uliyopo. Uliyeko Tanga chagua shilingi ya Tanzania. Uliyeko Mombasa chagua shilingi ya Kenya.

4. Mfano uliokokotolewa

(Viwango na ada zote ni za mfano.)

Shangazi anayeishi Maskati amekuja Ngamiani kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake. Anahitaji sh. 760,000. Kwa kuwa noti kubwa ya Tanzania ni sh. 10,000, na mashine hiyo haitoi noti zaidi ya 40 kwa mara moja, hawezi kupata zaidi ya sh. 400,000 kwa mkupuo. Anaamua kutoa sh. 380,000 mara mbili. Ada ya mashine ni sh. 10,000 kila mara. Benki yake inatoza riali 2 kila mara. Kiwango cha mtandao ni riali 1 = sh. 6,500. Mashine nayo inampa kiwango chake: riali 1 = sh. 6,000.

Njia A: amechagua shilingi
Kila mara: 380,000 + 10,000 = sh. 390,000
390,000 ÷ 6,500 = riali 60
Ongeza ada ya benki: 60 + 2 = riali 62
Mara mbili: riali 124

Njia B: amechagua riali
390,000 ÷ 6,000 = riali 65
Ongeza ada ya benki: 65 + 2 = riali 67
Mara mbili: riali 134

Tofauti ni riali 10, sawa na sh. 65,000 kwa kiwango cha 6,500. Fedha hizo zimepotea kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Je, kama angetoa sh. 190,000 mara nne? Kila mara ya ziada inaongeza sh. 10,000 za mashine na riali 2 za benki, yaani sh. 13,000. Jumla ni sh. 23,000. Mara mbili za ziada ni sh. 46,000. Hitimisho: makato ya kiasi maalumu hupungua ukitoa fedha nyingi kwa mara chache. Lakini kubeba noti nyingi kuna hatari ya wizi, hivyo pima faida na hatari.

Zingatia pia kwamba tangu 1986 Oman imefunga thamani ya riali kwenye dola ya Marekani: riali 1 ni takribani dola 2.6. Kwa hiyo shilingi ikishuka dhidi ya dola, aliye Maskati hupata shilingi nyingi zaidi kwa riali ileile.

5. Tahadhari

- Ijulishe benki yako kuhusu safari, ili isiizuie kadi ikidhani imeibwa.
- Funika vitufe kwa mkono unapoandika namba ya siri. Usimpe mtu namba hiyo, hata anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki.
- Chagua mashine iliyo ndani ya benki au mlangoni pake, wakati wa saa za kazi. Kadi ikikwama utapata msaada.
- Usikubali msaada wa mtu usiyemjua.
- Tunza risiti mpaka uone taarifa ya akaunti yako.

Noti zisipotoka lakini akaunti ikakatwa, andika tarehe, saa, mahali na kiasi, kisha peleka madai kwenye benki iliyotoa kadi. Benki yenye mashine haina akaunti yako. Benki yako ndiyo itakayodai kupitia mtandao.

Njia mbadala: duka la kubadilishia fedha lenye leseni, au simu. Tangu 2015, mteja wa M-Pesa wa Vodacom Tanzania ameweza kutumiana fedha na mteja wa M-Pesa wa Safaricom, Kenya. Kila njia ina makato yake, kwa hiyo linganisha.

6. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

(a) Kuchanganya shilingi ya Kenya na ya Tanzania. Jina ni moja, thamani ni tofauti. Andika KSh au TSh katika kila mstari.
(b) Kusahau kujumlisha ada ya mashine kabla ya kugawanya kwa kiwango.
(c) Kuzidisha mahali pa kugawanya. Jiulize: jibu linatakiwa liwe namba kubwa au ndogo?
(d) Kutaja ada bila kueleza anayeitoza.

7. Maswali ya kujipima

1. Taja wahusika wanne na kazi ya kila mmoja.
2. Mkazi wa Barabara ya 8, Ngamiani, yuko Mombasa na mama yake mgonjwa. Anatoa KSh 10,000. Ada ya mashine ni KSh 400. KSh 1 = TSh 20. Benki yake inatoza TSh 8,000 kila mara. (a) Akaunti yake imekatwa kiasi gani? (b) Gharama ni asilimia ngapi ya fedha alizopata? (c) Angetoa KSh 5,000 mara mbili, asilimia ingekuwa ngapi?
3. "Kuchagua fedha ya nchi yako kwenye ATM ya ugenini ni kununua faraja kwa bei kubwa." Jadili kwa hoja tatu.

Majibu ya swali la 2

(a) (10,000 + 400) × 20 = TSh 208,000. Ongeza 8,000 = TSh 216,000.
(b) Alichopata ni 10,000 × 20 = TSh 200,000. Gharama ni 216,000 − 200,000 = TSh 16,000. Asilimia: 16,000 ÷ 200,000 × 100 = 8%.
(c) Ada zote zinatozwa mara mbili: 16,000 × 2 = TSh 32,000, sawa na 16%.

Dokezo la swali la 3: eleza kiwango cha mashine, ukilinganishe na cha mtandao, kisha onyesha hasara kwa hesabu kama ya sehemu ya 4. Hoja isiyo na mfano haitoshi.