Bustani ya Milimani: Vidokezo vya Shamba Darasa kwa Wakulima wa Tumati

Mazungumzo mazuri ya bustani hufanyika watu wamesimama tutani, jembe mkononi. Ndio mtindo wa shamba darasa, ulioanzia kwenye mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989, na maofisa ugani wetu wanautumia hadi leo. Kwa sisi wa Tumati na milima yote ya Mbulu, wenye baridi na miteremko, haya ndiyo ya kuyashika.

1. Samadi kwanza. Wairaqw wa eneo la Mama Isara walitegemea samadi ya zizini kulima ardhi ile ile kizazi hadi kizazi, na hadi leo sijaona ushauri unaoushinda huo. Ila samadi mbichi huunguza miche na kuotesha magugu. Irundike kivulini, changanya na majani makavu, nyunyiza maji, funika kwa nyasi. Kisha chomeka fimbo ndefu hadi katikati ya lundo. Ichomoe baada ya siku chache uishike. Ikiwa ina joto na unyevu, mambo yanakwenda. Ikiwa kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na inanuka, maji yamezidi, pindua lundo. Miezi mitatu hivi baadaye utachota mbolea nyeusi isiyo na harufu kali.

2. Tuta likingame mteremko. Tuta linaloshuka na kilima ni mfereji wa kupeleka udongo wako kwa jirani wa bondeni. Kwenye kingo panda majani ya tembo: yanashika udongo, na ng'ombe wanakula.

3. Kitunguu saumu kipewe heshima yake. Saumu ya Mbulu inajulikana sokoni, na siri yake inaanzia kwenye mbegu. Chambua vikonyo siku ile ile ya kupanda. Vikubwa vya pembeni ndivyo vya kupanda, vile vyembamba vya katikati vipeleke jikoni. Kila kimoja kisimame, ncha juu, kina cha sentimita 3 hadi 5, na nafasi ya sentimita 10 hivi kati ya kimoja na kingine. Saumu hupenda baridi inapokua na ukavu inapokomaa. Kwa kuwa huchukua miezi minne hadi mitano, hesabu kurudi nyuma ili mavuno yaangukie kiangazi. Majani yakianza kunyauka, acha kumwagilia wiki mbili au tatu kabla ya kung'oa. Mwenye haraka ya kung'oa ikiwa mbichi ataona inavyooza ghalani. Na usirudishe saumu wala kitunguu maji kwenye tuta hilo hilo msimu unaofuata, weka maharage.

4. Nyanya zipumue. Kwa ukungu wetu wa asubuhi, ugonjwa wa bakajani haubishi hodi. Panda kwa nafasi, simika miti, kata majani yanayogusa ardhi, mwagilia shinani na si juu ya majani. Ukiona michirizi myeupe ndani ya jani, huyo huenda ni kiwavi wa kantangaze: chuma majani hayo na matunda yaliyotobolewa, yafukie mbali na bustani.

5. Mnavu na loshuu zisikose. Kituo cha mboga cha Tengeru, Arusha, kimezifanyia kazi mboga hizi kwa miaka mingi, na kwa lishe haziko nyuma ya kabichi hata kidogo.

6. Utupa una nguvu, uheshimu. Majani yake yaliyotwangwa na kulowekwa husaidia dhidi ya vidukari. Nyunyiza jioni, maana jua huimaliza nguvu dawa hiyo. Lakini utupa huua samaki! Usioshee bomba wala ndoo mtoni, na watoto wasikaribie.

7. Andika. Daftari la shilingi chache: tarehe ya kupanda, aina ya mbegu, mvua ilivyonyesha. Kumbukumbu ya kichwani hupotea msimu ukiisha.

8. Usimweleze bwana shamba ugonjwa kwa maneno matupu. Mche ukinyauka, ung'oe na mizizi yake, ufunge kwenye gazeti, mpelekee siku hiyo hiyo. Kwenye mizizi anaweza kuona minyoo fundo ambayo jani peke yake halisemi. Na Agosti ikifika, wanakikundi changeni nauli, angalau wawili wafike maonesho ya Nane Nane pale Themi, Arusha. Wakirudi, wawaeleze wenzao wote waliyoyaona, tena tutani.